MTOTO WA UFADHILI SI MGENI SHULENI



Juma hili twataka kusema juu ya meza ya chakula. Wengine watacheka na kuuliza: je, Chama kimekosa mambo makubwa hata kiandike habari za meza? Twawajibu ya kwamba taifa hujengwa au hubomolewa mahali watoto wake wanapokaa kula, na ye yote asiyesadiki na atusikilize mpaka mwisho.

Mama mmoja muuza ndizi alitujia hivi karibuni. Yeye hukaa juu milimani Uluguru, na siku za soko hushuka alfajiri kwa miguu, mzigo kichwani, akapita Kilakala mpaka sokoni Morogoro mjini. Binti yake alifaulu vizuri, akapata mfadhili, akachukuliwa katika shule moja ya bweni ya watu binafsi. Shule hiyo hatutaitaja jina, kwani ugonjwa tunaotaka kuusema si wa shule moja.

Binti huyo akaanza kutuma salamu kwamba mama ampelekee shilingi elfu tatu kila Jumamosi. Mama akadhani mtoto analala njaa. Alipokwenda kuuliza akakuta chakula kipo, tena cha kutosha. Habari ni hii: jioni ya Jumamosi wasichana wenye fedha hununua chipsi, kuku na soda katika duka la shule, wakakaa barazani kula na kuzungumza. Wale wa ufadhili, ambao hawafiki hata ishirini, hubaki ndani ya bwalo lililojengwa kwa mamia ya watu, wakala ugali na maharage katika kona moja. Kila mtu shuleni akipita dirishani huwaona na kuwajua. Binti akamwambia mama yake, "Mama, siombi kula. Naomba na mimi nikae nao."

Mama akaenda kwa mkubwa mmoja wa shule kulalamika. Akajibiwa hivi: "Mama, wewe shukuru mwanao anasoma bure. Wale wana wazazi wao wanaowalipia. Yeye akae na wenzake."

Akae na wenzake! Twaomba kila msomaji ayashike maneno hayo matatu, kwani si mapya katika nchi hii. Tumekwisha kuyasikia, na waliotangulia kuyasema tunawajua.

TULIAMBIWA HIVYO HIVYO

Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa na elimu za namna tatu. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na kila moja ilikuwa na fedha zake, majengo yake na walimu wake. Mtoto wa Kizungu alikuwa na Arusha School iliyofunguliwa mwaka 1934. Hata mwishoni mwa miaka ya 1950, Uhuru ukiwa umekwisha kubisha hodi, wakoloni walijenga Iringa shule ya fahari ya St. Michael's na St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Wazee wetu walipouliza kwa nini watoto wasisome pamoja, hawakujibiwa kwa matusi. Walijibiwa kwa upole. Waliambiwa kwamba lugha ni mbali mbali, desturi ni mbali mbali, chakula ni mbali mbali, na ya kwamba mtoto wa Kiafrika atapata taabu bure akitiwa kati ya watu wasio wa hali yake. Kwa huruma kabisa waliambiwa: akae na wenzake.

TANU ilikataa huruma ya namna hiyo. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wake ilikuwa ni kuukiri udugu wa binadamu wote, na ahadi hiyo haikuishia katika kadi. Tarehe 1 Januari, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa katika sheria, ikawa elimu moja kwa watoto wote. Shule ile ya fahari ya Iringa haikudumu. Ikawa Mkwawa, jina la Mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na watoto wa wakulima wakaingia mlimo. Mwaka 1964 ada ikaondolewa katika shule za sekondari za Serikali na zilizosaidiwa na Serikali. Lango la rangi lilivunjwa kwanza, na la fedha likafuata.

Sasa twauliza: lango la fedha likirudishwa, tena likirudishwa na sisi wenyewe, je, litakuwa tamu kwa kuwa anayelilinda ni mweusi?

SOMO LA KILAKALA

Wasomaji wa Morogoro hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Wainue macho tu waitazame Kilakala, pale chini ya milima.

Shule ya wasichana ya Kilakala haikuanza kuwa ya Serikali. Katika miaka ya 1950 Masista wa Maryknoll, watawa wa Kikatoliki kutoka Marekani, waliianzisha kwa jina la Marian College. Wakati ule sekondari za wasichana wa Kiafrika zilikuwa za kuhesabu. Masista walifanya kazi kubwa, nasi hatuna sababu ya kuwanyima shukrani. Gertrude Mongella alitoka kisiwani Ukerewe akaja kusoma kwao. Huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Dunia uliofanyika Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mtazame mtoto wa kisiwa katika Ziwa Victoria akivuka nusu ya nchi kuja kusoma chini ya Uluguru!

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule nyingi za madhehebu zikawa mali ya taifa. Marian College ikawa Kilakala. Anne Makinda wa Njombe, aliyekuwa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu toka mwaka 2010 mpaka 2015, alisoma hapo kidato cha tano na cha sita katika miaka hiyo ya mageuzi.

Katika shule za zama zile msichana hakuulizwa baba yake ana nini. Serikali ilimpangia shule, mara nyingi mbali na mkoa wake kwa makusudi, ikampa waranti ya kusafiria, naye akafika na sanduku lake. Binti wa mkurugenzi na binti wa mvuvi walilala bweni moja, wakapanga foleni moja, wakashika fagio na jembe kwa zamu moja. Hatusemi ya kwamba hapakuwa na kiburi wala kusengenyana, kwani penye watoto hayo hayakosekani. Twasema ya kwamba shule yenyewe haikukipa kiburi kiti. Mwenye kutaka kujitenga alijitenga kwa nguvu zake mwenyewe, bila kusaidiwa na ratiba.

Hilo ndilo somo la Kilakala, na ndilo neno kubwa la makala hii: watoto wa hali mbali mbali hawachanganyiki kwa hotuba. Huchanganyika kwa mpango. Vitanda, meza, zamu za kazi na orodha za majina ndivyo vinavyofundisha udugu au ubaguzi, kila siku, kabla mwalimu wa uraia hajashika chaki.

MSHAHARA WA KUJITENGA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, wakikua yatakwisha. Hao na wakumbuke mwezi wa Oktoba mwaka 1966. Siku ile wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Wao, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, waliona kuwatumikia wakulima ni adhabu. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne. Lakini hakuishia hapo. Alitambua ya kwamba vijana wale waliyafuata waliyoyaona kwa wakubwa wao, kwa hiyo akapunguza mishahara mikubwa ya Serikali kwa asilimia 20, akaanza na wa kwake. Mwaka uliofuata nchi ikapata Azimio la Arusha mwezi wa Februari, na Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi.

Nani aliwafundisha vijana wale kujiona tabaka la pekee? Hapakuwa na somo la namna hiyo darasani. Walijifunza kwa kutengwa. Mtu akikaa miaka yake ya kukua pamoja na watu wa hali yake tu, huishia kuamini kwamba nchi nzima ni ya hali yake, na ye yote asiye wa hali hiyo ni mtumishi au ni tatizo.

Leo jambo hili limerudi kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1980 ada zilirudi katika sekondari. Mwaka 1995 sera na sheria zikafungua mlango mpana kwa shule za watu binafsi, nazo zikaota kila mahali. Ni kweli ya kwamba tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na baadaye mpaka cha sita. Jambo hilo ni jema. Lakini ukweli mwingine ni huu: wenye fedha wengi wamekwisha kuhama. Mtoto wa mwenye duka kubwa, wa mkuu wa idara, wa mwenye malori, hasomi tena na mtoto wa jirani yake. Gari la shule humchukua asubuhi mlangoni na kumrudisha jioni mlangoni. Mahali pa pekee anapoweza kukutana na mtoto wa maskini ndani ya shule yake ni kwa wale wachache wa ufadhili. Basi na hao wachache tuwatie konani?

NANI ANAMFADHILI NANI?

Tuseme wazi hesabu ambayo wenye shule hawapendi isemwe. Wao husema kwamba mtoto wa ufadhili analishwa na shule. Sisi twauliza: shule inalishwa na nani?

Mara nyingi mtoto wa ufadhili huchaguliwa kwa sababu ana akili. Huchujwa kati ya wengi, akaletwa, akasoma kama mtu asiye na njia nyingine, kwani kweli hana. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, jina lake na alama zake hubandikwa ukutani na barabarani. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora, lakini shule zenyewe hazikuacha kujitangaza. Wazazi wenye fedha huona tangazo lile, wakapanga foleni kuandikisha watoto wao. Ada zao ndizo mapato ya shule. Kwa hiyo alama za binti wa muuza ndizi zimeleta wateja. Yeye ni mfanyakazi katika shule ile tangu siku aliyoingia, tena mfanyakazi asiyelipwa mshahara. Halafu jioni ya Jumamosi anaambiwa ashukuru!

Tena si chakula tu. Tumesikia habari za majina kusomwa mstarini: wenye kudaiwa upande huu, wa ufadhili upande ule. Tumesikia ya kwamba kitu kikipotea bwenini, sanduku la kwanza kufunguliwa ni la mtoto wa ufadhili. Siku wafadhili wanapokuja, watoto hao husimamishwa mbele waimbe na kupigwa picha, huku mwenzao aliyelipiwa na baba yake akiwatazama toka kitini. Na wanapozungumza Kiswahili chao cha nyumbani huchekwa, katika shule zenye vibao vya kukataza Kiswahili, katika nchi iliyoupata Uhuru wake kwa Kiswahili!

Wazee wetu wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Watoto hawa hupewa jembe siku ya kwanza, na kiti hawapewi hata siku ya mwisho.

Waluguru wana jambo lingine la kutufundisha, nalo ni utani. Mtani wako hukucheka mbele za watu, hukunyang'anya kofia yako, hukwambia maneno ambayo mwingine akiyasema ni ugomvi. Lakini wewe nawe wamcheka vivyo hivyo, na siku ya msiba yeye ndiye anayekuzika. Utani una pande mbili. Kicheko cha upande mmoja, ambacho anayechekwa hana ruhusa ya kujibu kwa kuwa anasoma bure, hicho si utani, ni dharau. Asitokee mwalimu wa kutuambia kwamba watoto wanataniana tu.

TUNAJIBU WANAOPINGA

Hatutaki kupiga kelele bila ya kujibu hoja, maana katika hoja hizo zipo zenye nguvu.

Hoja ya kwanza: "Mzazi analipa ada kubwa, basi ana haki mtoto wake apate anachotaka." Twajibu: amelipia mwalimu, kitanda, chakula na kitabu. Avipate vyote, tena vizuri. Lakini heshima ya mtoto wa mwenzake haikuwamo katika risiti. Na mzazi huyo ajue anadhulumiwa. Mtoto wake anafundishwa uongo juu ya nchi yake. Kesho atakuwa daktari, hakimu au mkuu wa wilaya, atapelekwa Kinole au Mgeta, na hatajua namna ya kukaa juu ya kigoda na kumsikiliza mzee. Ada ya mamilioni imemnunulia ujinga.

Hoja ya pili: "Watoto wenyewe hujitenga, nasi hatuwezi kulazimisha urafiki." Hoja hii ina ukweli, nasi twaukubali. Urafiki haulazimishwi. Lakini nani aliyepanga vitanda? Nani aliyefungua duka saa ile ile ya chakula cha jioni? Nani aliyesoma majina mstarini? Watoto hawakufanya hata moja. Shule isilazimishe urafiki, bali iache kulazimisha utengano.

Hoja ya tatu: "Mtoto wa maskini ataumia akikaa na matajiri. Afadhali asome shule ya wenzake." Kwanza, shule za Serikali si mahali pa kutupia watu. Ni shule za taifa, na kazi yetu ya kwanza ni kuzifanya nzuri hata tajiri azitamani. Pili, tumekwisha kuonyesha hoja hii ilitoka wapi. Mtoto haumizwi na utajiri wa mwenzake. Anaumizwa na mpango unaomkumbusha asubuhi na jioni ya kuwa yeye si wa pale.

Hoja ya nne: "Hayo ni mambo ya zamani, mnataka kutaifisha shule." Hatukusema hivyo. Wenye shule na wabaki na shule zao. Lakini na wakumbuke shule zisizo za Serikali zilianzaje katika mikono ya wananchi. Jumuiya ya wazazi wa Kiafrika, TAPA, iliyotembea bega kwa bega na TANU, ilijenga shule kwa michango na kwa matofali ya kufyatua wenyewe, ili mtoto aliyekosa nafasi katika shule za mkoloni apate pa kukaa. Shule ya wananchi wenyewe ilizaliwa ili kumpa kiti mtoto asiye na kiti. Leo iwe mahali pa kumnyang'anya?

JIRANI ZETU WAMEWEZA

Atakayesema kwamba jambo hili haliwezekani na avuke mpaka aende Nairobi. Mwaka 1959, siku za Hali ya Hatari zikikaribia kwisha, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe kwa ajili ya vijana waliokuwa hawana makao. Shule hiyo ilikua ikawa miongoni mwa zinazoheshimiwa sana katika Kenya. Wengi wa wanafunzi wake husoma bure, na wengine wazazi wao hulipa. Sare ni moja, chakula ni kimoja, kazi za mikono ni za wote, na kuna baraza ambamo wanafunzi husema na kuuliza mbele ya wakuu wao bila ya hofu. Mtoto wa waziri amesoma pale na mtoto aliyeokotwa mitaani. Mwaka 2005 wakafungua na ya wasichana.

Angalieni hapo kwamba maskini ni wengi, si kumi na tano katika mia tatu. Wakiwa wachache mno huwa kama maonyesho. Wakiwa wengi huwa ni shule.

TUNATAKA MAMBO SITA

Malalamiko bila madai ni kilio cha msibani. Sisi twadai haya kwa kila shule ya binafsi inayopokea watoto wa ufadhili, hapa Morogoro na penginepo:

Kwanza, chakula kiwe kimoja na mahali pa kulia pawe pamoja, siku zote saba. Duka la shule lifungwe saa za kula.

Pili, vitanda, madarasa na zamu za kazi zipangwe bila kutazama nani amelipa. Mtoto wa tajiri afagie, na mtoto wa ufadhili awe kiranja kama anafaa.

Tatu, habari za ada zibaki ofisini, kati ya mhasibu na mzazi. Jina la mtoto lisisomwe mstarini wala kubandikwa ukutani kwa ajili ya fedha.

Nne, mtoto asitumiwe kama bango la wafadhili. Mwenye kutoa na atoe. Akitaka shukrani, aletewe barua ya mkuu wa shule na hesabu safi za matumizi.

Tano, fedha za mfukoni ziwe na kikomo kimoja kwa wote, kidogo, na anayefadhiliwa apewe kiasi hicho hicho ndani ya ufadhili wake. Mfadhili anayelipa ada akasahau sabuni, daftari na nauli ya likizo amejenga nyumba bila mlango.

Sita, wazazi wa watoto wa ufadhili wawe na wajumbe katika bodi na kamati za shule. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walikataa matuta waliyolazimishwa kuchimba na Serikali ya kikoloni, na huko Matombo damu ya mtu ilimwagika. Hawakuwa wavivu wa kulima. Walikataa kuamriwa mambo ya ardhi yao na watu wasiowauliza. Wajukuu wao nao wasiamuliwe mambo ya watoto wao katika vikao wasivyoingia.

TUANZE NA SISI

Ndugu wanachama, tumefika mahali penye uchungu. Hao wazazi wenye magari siku ya kutembelea wanafunzi ni akina nani? Wengine ni sisi. Wako viongozi wetu, wenye kadi tangu ujana wao, wanaosimama jukwaani kuhubiri usawa, na Jumamosi hupeleka ndoo ya kuku wa kukaanga shuleni kwa mtoto mmoja, mbele ya macho ya kumi na watano wasioletewa kitu. Hatusemi wasiwapende watoto wao. Twasema: ukipeleka, peleka ya meza nzima, au mtoto ale alichopikiwa pamoja na wenzake.

Mwongozo wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi wasiwe na majivuno wala ubwana. Kiongozi anayekataa ubwana kazini kisha akaulea nyumbani kwake amewasaliti wananchi mara mbili, kwani yeye atazeeka na kuondoka, na bwana mdogo aliyemlea atabaki.

Kwa watoto wa ufadhili twasema hivi. Msiinamishe vichwa. Hamkuiba nafasi hiyo, mliishinda. Mama akija na kikapu chake cha ndizi, mkimbilie langoni, umpokee mzigo, umwamkie mbele ya wote. Msiwachukie wenzenu wenye fedha, kwani nao hawakuchagua wazazi. Vita yetu ni juu ya mpango mbaya, wala si juu ya mtoto ye yote.

Na wewe mtoto uliyelipiwa kila kitu, unayesoma gazeti hili kwa siri kwa kuwa baba ameliacha mezani: Jumamosi ijayo chukua sahani yako, ingia bwaloni, ukae katika kona ile. Usiende kuwahurumia. Nenda ukale. Utakuwa umefanya siasa kubwa kuliko sisi tunaoandika.

Mama muuza ndizi alipokuwa akiondoka tulimwuliza atafanya nini. Akasema, "Wanangu, hizo elfu tatu nitazitafuta, mwanangu asiwe peke yake." Tukaona haya. Mama anayeshuka mlima na mzigo wa ndizi alikuwa anapanga kulipa, kwa faida ya siku nzima sokoni, ili mtoto wake aruhusiwe kukaa na watoto wa wananchi wenzake. Katika nchi huru, kodi ya namna hiyo haitozwi. Wanaoitoza waiache, na sisi tunaoitazama ikitozwa tuache kunyamaza.

Mtoto wa ufadhili si mgeni shuleni. Ni mwenye shule, kama alivyo mwenye nchi.

UHURU NA UMOJA!